Cheti changu "hakitoshi" Ujerumani, na wakala anataka pesa za kiwanja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 20. Nilimaliza sekondari mwaka jana na nikafaulu vizuri. Hesabu na fizikia ndizo zilizonibeba, kemia ikanishusha kidogo. Ndoto yangu ni uhandisi wa umeme, na tangu niliposikia kwamba vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, sikuwaza tena nchi nyingine. Nimeanza Kijerumani na nimefika A2, ngazi ya pili kati ya sita (A1, A2, B1, B2, C1, C2).

Nilituma maombi kwenye chuo kikuu kimoja huko. Majibu yalipokuja nililia. Wameandika kwamba cheti changu hakinipi haki ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, ila naweza kufikiriwa kwa Studienkolleg. Wakaandika na wastani wangu kwa mfumo wao: 2.5. Shangazi, wastani wangu ulikuwa 70 kwa 100, na darasani nilikuwa wa tatu!

Baba anasema wamedharau shule zetu. Kaka yangu akamleta wakala, ambaye ametuahidi "cheti cha ulinganifu" kitakachonifungulia chuo chochote. Anasema pia kwamba nikiomba kozi inayofundishwa kwa Kiingereza, hilo sharti la Studienkolleg linaondoka. Kuhusu kemia, alisema anaye mtu anayeweza kuifanya karatasi ya matokeo ipendeze zaidi. Anataka alipwe zote kabla ya mwisho wa mwezi, na baba yuko tayari kuuza kiwanja.

Kuna jambo lingine. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu, na moja kati ya hayo limepishana kwa herufi moja.

Nimepata pia nafasi ya uhandisi kwenye chuo kikuu cha hapa nyumbani, lakini sijathibitisha. Naona nikikubali nitakuwa nimeikana ndoto yangu. Muda wa kuthibitisha unakwisha. Nifanyeje? Au nijaribu Uingereza au Marekani?

Binti aliyekwama

*

Marahaba binti yangu. Nchi yako na jina la chuo nimeviondoa kwenye barua ili usitambulike.

Nianze na yale yasiyoweza kusubiri. Kiwanja kisiuzwe. Wakala asipewe hata senti. Na ile nafasi ya chuo cha nyumbani ithibitishe leo, kabla dirisha halijafungwa. Hilo la tatu najua limekushtua, lakini huenda ndilo litakalokufikisha Ujerumani, na nitakuonyesha kwa njia gani.

Barua uliyopokea si ya kukukataa. Isome tena, safari hii machozi yakiwa yamekauka. Wenzetu wale wana swali moja wanaloliuliza kila cheti cha sekondari kilichotoka nje: je, kinampa mwenye nacho haki ya kuingia chuo kikuu? Jibu halitoki kichwani mwa karani. Ipo ofisi iitwayo ZAB, chini ya baraza la mawaziri wa elimu wa majimbo yote 16 ya Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuchambua mifumo ya elimu ya nchi nyingine. Tathmini zake zimewekwa kwenye hifadhidata inayoitwa anabin, na mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa chochote. Iko kwa Kijerumani, kwa hiyo kaa na mwalimu wako wa lugha. Mtafute nchi yako, kisha cheti chako, kisha msome masharti yaliyoandikwa mbele yake neno kwa neno: masomo yapi, mangapi, kwa alama gani.

Utakuta kwamba vyeti vimegawanywa. Vingine vinamwingiza mtu kwenye fani yoyote. Vingine vinamwingiza kwenye fani zinazoendana na masomo aliyofanya na si nyinginezo. Vingine vinapitia Studienkolleg, shule ya maandalizi nitakayokueleza hapa chini, na vingine vinataka kwanza mtu asome mwaka mmoja au miwili katika chuo kikuu cha nchini kwake. Kinachopimwa hapo ni umbo la cheti: miaka ya shule, idadi ya masomo yaliyofika hadi mtihani wa mwisho, kama hesabu, sayansi na lugha zimo. Akili yako haikupimwa, na shule yako haikutajwa popote. Mweleze baba hili kwa upole, kwa sababu naona limemuuma kuliko hata lilivyokuuma wewe. Mwambie kwamba hata kijana wa Kimarekani mwenye diploma ya sekondari haingii chuo kikuu cha Ujerumani kwa diploma hiyo peke yake. Naye huangaliwa masomo aliyochukua na alama zake, na asipotimiza masharti huelekezwa Studienkolleg kama wewe.

Ile 2.5 nayo isikunyime usingizi. Kule 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya kufaulu kwa shida, kwa hiyo unavyoshuka kwa tarakimu ndivyo unavyopanda kwa ubora. Hesabu yenyewe unaiweza: chukua alama ya juu inayowezekana utoe alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Wewe una 70. Kama kufaulu kwenu kunaanzia 40, basi ni 30 gawanya kwa 60, mara 3, ongeza 1. Umepata 2.5. Hakuna aliyekupunja. Nakusihi uwe unaikokotoa mwenyewe kila unapoomba chuo, maana alama ya chini ya kufaulu ikiandikwa kimakosa, wastani wote unapinda, na kosa la namna hiyo hurekebishwa ukiliwasilisha pamoja na ukurasa wa madaraja unaotolewa na baraza la mitihani.

Sasa huyo wakala. Nina hasira naye, nami siifichi.

"Cheti cha ulinganifu" anachokiuza hakiko kwa ajili yako. ZAB hutoa kweli tathmini ya mtu mmoja mmoja kwa malipo, lakini ni kwa waliokwisha kuhitimu elimu ya juu, mfano mtu mwenye shahada anayetafuta kazi. Haitolewi kwa cheti cha sekondari, wala haitakiwi kwenye udahili. Anayeamua kuhusu wewe ni chuo kikuu chenyewe. Vyuo vingi, takriban 170, vimeikabidhi kazi ya kukagua karatasi za waombaji wa nje kwa uni-assist, shirika la pamoja lenye makao Berlin. Ada yake iko wazi: yuro 75 kwa ombi la kwanza na yuro 30 kwa kila ombi la ziada katika muhula huohuo. Vyuo vilivyobaki hupokea maombi moja kwa moja. Basi jiulize, kiwanja kinauzwa kwa ajili ya nini?

Na hilo la kozi ya Kiingereza si kweli. Lugha ya kufundishia ni jambo moja na haki ya kuingia chuo kikuu ni jambo jingine kabisa. Ukiomba kozi ya Kiingereza utaulizwa cheti kilekile na kitasomwa kwenye mstari uleule wa anabin. Isitoshe, kwa shahada ya kwanza kwenye vyuo vya umma kozi za Kiingereza za uhandisi ni chache.

Kuhusu kemia nitasema kwa ukali, kama ambavyo ningemwambia mtoto niliyemzaa. Usiruhusu mtu yeyote aguse karatasi yako ya matokeo. Siku ya kujiandikisha chuoni utaombwa cheti halisi, na baraza la mitihani linaweza kuulizwa wakati wowote, hata ukiwa mwaka wa tatu. Kughushi hati Ujerumani ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 267 cha sheria yao ya makosa ya jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo cha hadi miaka mitano. Mwombaji ndiye atakayejibu, si "mtu" wa wakala. Halafu kwa nini ughushi? Kemia yako ni ya kufaulu. Anataka kukutia jela kwa ajili ya alama ambayo haikuzuii. Mwambie kaka yako, bila kumgombeza, kwamba alikusudia mema na ameletewa mtu mbaya.

Tuje kwenye Studienkolleg yenyewe, kwa kuwa naona hukuelezwa. Ni shule ya maandalizi, kwa kawaida ya mihula miwili, kwa wanafunzi wa nje ambao cheti chao hakijafika. Kozi zake hupangwa kwa fani. Wewe ungeingia T, ya hesabu, fizikia na teknolojia. Ipo M ya tiba na biolojia, W ya uchumi, na nyinginezo za sanaa na lugha. Chagua kwa uangalifu, kwa sababu kozi uliyosoma ndiyo inayoamua fani utakazoruhusiwa kuziomba baadaye. Aliyetoka T hawezi kugeuka kuomba udaktari. Mwishoni kuna mtihani unaoitwa Feststellungsprüfung, na ukiufaulu mlango wa chuo kikuu uko wazi kwa fani hizo. Ukishindwa, kwa kawaida unarudia mara moja tu.

Kuingia pia kuna mtihani, na mtihani huo ni wa Kijerumani, kwa fani yako mara nyingi na hesabu juu yake. Nyingi zinataka uwe umefika B1, na zinazotaka B2 zinazidi kuongezeka siku hizi. Wewe uko A2. Hapa ndipo ninapoona tatizo lako halisi lilipo, na wala si kwenye cheti. Wakala hakulitaja kwa sababu haliuziki. Hakuna anayeweza kukununulia B2. Baadaye, kuingia chuo kikuu kwenye kozi ya Kijerumani, utahitaji kiwango cha juu zaidi, kinachopimwa kwa mitihani kama TestDaF au DSH.

Studienkolleg za umma hazitozi ada ya masomo, isipokuwa mchango wa muhula. Za binafsi zipo na nyingine ni ghali sana. Ukishawishiwa na mojawapo, waulize jambo moja kabla ya yote: Feststellungsprüfung inafanyikia kwenu na inatambuliwa na serikali ya jimbo, au mnatupeleka tukaufanye kwingine kama watahiniwa wa nje? Wakikwepa jibu, ondoka.

Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Kwa nchi nyingi ambazo cheti chake cha sekondari hupitia Studienkolleg, anabin inaonyesha njia nyingine pembeni yake: mwanafunzi aliyesoma na kufaulu mwaka mmoja katika chuo kikuu kinachotambulika cha nchini kwake anaweza kuomba moja kwa moja, katika fani ileile au inayokaribiana nayo. Kwa nchi nyingine ni miaka miwili. Soma mstari wa nchi yako uone umeandikwa nini. Ukiona mwaka mmoja, basi ile nafasi uliyokuwa unaiona kama kuikana ndoto yako ndiyo njia fupi kuliko zote ulizonazo.

Yako mawili ya kukagua kabla hujashangilia. Kwanza, chuo chako cha nyumbani kimewekwa alama gani kwenye anabin? H+ ina maana kinatambulika. H− ina maana hakitambuliki kama chuo cha elimu ya juu, na mwaka wako hapo hautahesabiwa. Ipo na alama ya kati, H+/−, ambayo hutaka uangalie programu yako kwa jina. Pili, mwaka huo lazima ufaulu mitihani yote iliyopangwa, maana somo moja lililobaki linaweza kuwafanya waseme mwaka haukukamilika. Usibadilishe fani katikati. Ukianza uhandisi wa umeme, omba uhandisi wa umeme au jirani yake.

Mimi binafsi, kama ungekuwa umekaa mbele yangu, ningekushauri njia hii hata kama ungenihakikishia nafasi ya Studienkolleg kesho. Sababu ni pesa na lugha. Ili kupata viza ya masomo, Ujerumani huwataka wengi wa waombaji waonyeshe fedha za kujikimu za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu ya zuio, inayokutolea pesa kidogokidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904, yaani yuro 992 kila mwezi. Mwaka wa Studienkolleg unataka fedha hizo sawasawa na mwaka wa chuo kikuu. Ukiwa nyumbani unasoma hesabu za mwaka wa kwanza wa uhandisi, unapanda kutoka A2 hadi B2, na wazazi wanapumua mwaka mzima. Na mambo yakienda kombo, uko tayari mwaka wa pili wa shahada yako, hukupoteza kitu. Ikija siku ambayo baba lazima auze kiwanja, basi pesa iende kwenye akaunti yenye jina lako, itakayokulipa mwezi kwa mwezi, isipitie mfukoni mwa mtu.

Umeuliza Uingereza na Marekani. Uingereza kila chuo huamua chenyewe, kikisaidiwa na maelezo ya UK ENIC, ofisi yao ya kulinganisha vyeti vya nje, na wenye cheti kisichofika A-level mara nyingi huanzia mwaka wa msingi, unaolipiwa ada kamili ya mwanafunzi wa nje. Marekani hakuna ofisi ya serikali kuu inayotambua vyeti vya nje. Vyuo vyenyewe huamua, vingine vikitaka ripoti ya kampuni binafsi za tathmini, na kila chuo husema ni ripoti ya nani kinayoikubali. Cheti chako kingeingia kwa urahisi zaidi huko, lakini ada ingewashinda. Kwa ulivyonieleza hali ya nyumbani, sioni sababu ya kuhama.

Majina: tumia jina lililo kwenye pasipoti kila mahali, kuanzia fomu hadi anwani ya barua pepe. Andikia baraza la mitihani uulize kama wanarekebisha herufi kwenye cheti. Wakikubali, subiri kirekebishwe. Wakikataa, kaapishe hati inayosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, uiambatanishe kila unapotuma cheti. Fanya hivyo mwezi huu, kwa sababu ubalozini herufi moja huchelewesha watu kuliko alama mbaya.

Tena, cheti halisi kisiwekewe lamineshi, kwani ofisi nyingi hukataa kugonga muhuri juu yake. Nakala zenye kurasa kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri unaovuka kurasa usizibandue pini, hata ukitaka kuziskani. Zikibanduliwa uthibitisho wake umekufa. Vyeti vya Kiingereza mara nyingi hupokelewa bila kutafsiriwa. Vya lugha nyingine vinahitaji mtafsiri aliyeapishwa.

Tarehe za mwisho kwa vyuo vingi ni 15 Julai kwa muhula wa baridi na 15 Januari kwa muhula wa kiangazi, ila uni-assist huchukua wiki kadhaa kukagua, kwa hiyo tuma karatasi mapema, walau miezi miwili kabla.

Na wiki hii uiandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kilekile kilichokujibu. Washukuru kwa barua, kisha uwaulize: nikikamilisha mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu hiki (hapo kitaje kwa jina lake kamili kama lilivyo anabin), nitaweza kuomba moja kwa moja? Mtahitaji karatasi zipi kuthibitisha mwaka huo? Na Kijerumani cha kiwango gani, kwa mtihani upi? Ambatanisha skani ya barua yao na ya cheti chako. Andika aya ya kwanza kwa Kijerumani chako cha A2, hata kama ni sentensi tatu, kisha uendelee kwa Kiingereza. Jibu lao lihifadhi, ulitume pamoja na maombi ya mwakani.

Shangazi yako